Kabla Shamba la Kahawa Liuzwe: Chuo Gani kwa Kazi ya Benki ya Uwekezaji?

Matokeo ya KCSE yakitoka tu, vijana wa kwetu huanza kuniuliza swali moja, kuanzia Maua na Nkubu hadi Runyenjes na Siakago: nikitaka kazi ya benki ya uwekezaji, nichague chuo gani? Nyuma ya hilo swali kuna lingine, na mzazi ndiye hulibeba: nyumbani tuuze nini ndiyo huyu mtoto afike huko? Kwangu hayo ni swali moja. Na jibu lake haliko kwenye zile orodha za "vyuo kumi bora". Liko kwenye historia ya hapa kwetu: kahawa, barabara ya kwenda Nairobi, na mlango ambao kila kizazi umekuwa na bawabu mwingine.

Kabla uulize: ndiyo, mimi niliacha chuo, na wengi wenu mnajua. Sijakuja hapa kama mwalimu wa kukuchagulia kozi. Nimekuja na historia, kwa sababu naona watu wanatoa maamuzi ya pesa nyingi kwa kufuata jina.

Kwanza tuelewane. Benki ya uwekezaji si ile ya kupanga foleni ukitoa pesa. Ni ofisi inayosaidia kampuni au serikali kutafuta mtaji: kuuza hisa kwa umma, kutoa bondi, kununua kampuni nyingine, kuunganisha mbili. Watu wa hiyo kazi hushinda wakisoma vitabu vya hesabu vya kampuni, wakikadiria thamani yake na kuandika waraka wa mauzo. Hapa Kenya wanapewa kibali na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, iliyoundwa mwaka 1989. Wenye kibali ni wachache, na kazi yao iko Nairobi. Shika hilo neno, Nairobi, tutalirudia.

Ukiuliza intaneti utaambiwa Harvard, Wharton, Oxford, London School of Economics. Kwa huko ni kweli. Benki kubwa za New York na London zimezoea kuajiri kutoka vyuo vichache tu. Sasa kijana wa Igoji anasoma hayo, halafu anaanza kutafuta "Harvard ya Kenya" na kumwambia babake kwamba bila hiyo hakuna maisha. Ngoja kwanza. Soko letu lilianza kwa njia nyingine kabisa.

Miaka ya 1920, Kenya ikiwa koloni, hisa zilikuwa zinauzwa Nairobi bila soko rasmi na bila sheria. Wahasibu, mawakili, wapiga mnada na mawakala wa nyumba walikuwa wanakutana, wanaulizana bei huku wakinywa kahawa, wanakubaliana kwa neno la mdomo. Wote Wazungu. Wakati huohuo, mkulima Mwafrika wa Meru au Embu hakuwa na ruhusa ya kupanda hiyo kahawa. Walowezi walipinga. Walisema Waafrika wataleta magonjwa ya mimea na wizi, lakini hofu nyingine ilikuwa wazi: mtu akiwa na kahawa yake, nani atakuja kuchuma ya mlowezi?

Ni katikati ya miaka ya 1930 ndiyo serikali ya kikoloni ilianza kuwaruhusu Waafrika wachache walime arabika kwa majaribio. Sehemu zilizochaguliwa zilikuwa Kisii, Embu na Meru, mbali na mashamba ya walowezi. Ndiyo maana nasema historia yetu ya karo inaanzia hapo. Miti michache ya majaribio ndiyo ilikuja kuwa ada ya shule, kisha nauli, kisha chumba cha kupanga Nairobi.

Sasa angalia mwaka 1954, kwa sababu mambo matatu yalitokea mwaka huo na hayasimuliwi pamoja.

La kwanza, Soko la Hisa la Nairobi liliundwa, kama chama cha hiari cha madalali. Dalali Francis Drummond, aliyefungua kampuni yake mwaka 1951, ndiye alikuwa amelipeleka hilo wazo kwa waziri wa fedha wa koloni, Ernest Vasey, na London ikakubali kulitambua. Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kununua na kuuza hisa hapo mpaka uhuru ulipokuja mwaka 1963.

La pili, Aprili ya mwaka huohuo, jeshi la Waingereza lilizunguka Nairobi katika Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa mtaa kwa mtaa, maelfu wakapelekwa vizuizini na wengine wakarudishwa mashambani. Yaani mwaka ule mlango wa pesa ulifunguliwa Nairobi, watu wetu walikuwa wanafukuzwa kutoka Nairobi.

La tatu, mpango wa kilimo wa Swynnerton ulitangazwa. Ulitaka mashamba yapimwe, watu wapewe hati za kumiliki, na Waafrika wengi zaidi walime mazao ya kuuza. Kahawa ikaenea milimani kwetu. Na ile hati ya shamba, karatasi iliyokuja na huo mpango, ndiyo hadi leo mzee huitoa kwenye sanduku mtoto akiitwa chuo.

Ukiyaweka hayo matatu pamoja unaona mpangilio. Sisi tulipewa kazi ya kuzalisha, wengine wakapewa kazi ya kupanga bei ya mtaji. Bawabu wa kwanza wa ule mlango alikuwa rangi ya ngozi. Hakuna chuo ungechagua kikubadilishie hiyo.

Bawabu wa pili alikuwa nafasi. Mwaka 1956 Nairobi ilifungua Royal Technical College. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam, na masomo yakagawanywa: udaktari na kilimo Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi na biashara Nairobi. Kwa hivyo kijana wa wakati huo aliyetaka kazi ya fedha hakuwa na orodha ya kuchagua. Somo la biashara lilikuwa Nairobi, basi. Mwaka 1970 kile chuo cha pamoja kilivunjika, Chuo Kikuu cha Nairobi kikasimama peke yake, na mpaka Moi kilipoanzishwa mwaka 1984, Kenya nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu cha umma. Ukikosa nafasi hapo, umekosa. Ndiyo maana wazazi wetu wakisema "chuo kikuu" wanasikia Nairobi kichwani. Si ujinga. Wakati wao ilikuwa hivyo.

Lakini kulikuwa na mlango wa pembeni, na huu hausemwi sana. Ni mitihani ya kitaaluma. Strathmore, iliyofunguliwa mwaka 1961 kama chuo cha watu wa rangi zote wakati shule nyingi bado zilikuwa zimegawanywa, ilianza mwaka 1966 kuwaandaa wanafunzi kwa mitihani ya uhasibu ya Uingereza. Mwaka 1969 serikali ikaunda KASNEB, ili Mkenya afanye mtihani wa uhasibu wa Kenya. Karatasi ya CPA haikuuliza ulisomea wapi. Iliuliza kama unaweza kusawazisha vitabu. Karani aliyesoma usiku kwa taa angeweza kukaa meza moja na mwenye digrii. Weka hiyo kando, tutaihitaji.

Turudi kwa kahawa, kwa sababu huko nako kuna somo la mtaji. Wakulima walijiunga kwenye vyama vya ushirika kuanika, kupima na kuuza. Vyama vikaona pesa zao zinalala kwenye benki ambazo hazimkopeshi mkulima mdogo. Mwaka 1965 Benki ya Ushirika ikasajiliwa, na mwaka 1968 ikaanza kazi. Mwishoni mwa 2008 hisa zake zikaorodheshwa kwenye lile soko la hisa ambalo lilizaliwa likiwafungia nje wakulima walewale. Na mkurugenzi wake mkuu tangu 2001, Gideon Muriuki, alisomea hisabati Chuo Kikuu cha Nairobi. Hisabati, si "benki ya uwekezaji". Hilo nalo weka kando.

Kwa upande wa Embu kuna hadithi ya nyumba moja inayoonyesha mwendo wa vizazi. Jeremiah Nyagah wa Mbeere alisoma Makerere, akawa mwalimu, akaenda Oxford, na mwaka 1958 akaingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwanawe Nahashon Nyagah alikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya kati ya 2001 na 2003. Kutoka ualimu hadi Benki Kuu ilichukua vizazi viwili. Watu wengi wa kwetu wanataka hiyo safari iishe kwa miaka minne ya digrii, na wanakasirikia mtoto isipoisha.

Kahawa yenyewe ilitupandisha na kutuangusha. Baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ikaruka, na kufikia 1977 mkulima wa Kenya alikuwa anapata pesa ambazo hajawahi kuona. Nyumba za mabati na karo nyingi zilitoka hapo. Kisha mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Mwaka huohuo ndio KCSE ya kwanza ilifanywa. Kizazi cha kwanza cha 8-4-4 kilifika mlangoni mwa chuo wakati kahawa imeanguka na serikali inaanza kuwaambia wazazi wachangie gharama. HELB ikaja 1995. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza masomo ya kujilipia. Bawabu wa tatu akaingia zamu, na huyu aliitwa karo.

Halafu vyuo vikaanza kuja nyumbani. Chuo Kikuu cha Methodisti, pale Kaaga, kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2006. Chuo cha Embu kilichokuwa kinafundisha maafisa wa kilimo kikawa chuo kishiriki mwaka 2011, na mwaka 2016 kikawa Chuo Kikuu cha Embu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilipata hati yake 2013, na kiko Nchiru, kulekule iliko nyumba ya Njuri Ncheke. Chuka nao walipata yao mwaka huohuo. Kwa muda wa miaka kumi hivi, mtoto wa kwetu aliweza kupata digrii bila kuvuka mto Tana.

Vyuo vilikuja. Soko halikuja. Mwaka 2008 serikali ilipouza robo ya Safaricom, watu wetu walipanga foleni Meru na Embu kununua hisa kwa shilingi 5. Zaidi ya watu laki nane waliomba nchi nzima. Lakini bei ile, ule waraka, zile hesabu za thamani ya kampuni, vilipikwa Nairobi na washauri wakuu wawili: Morgan Stanley wa kutoka nje na Dyer & Blair wa hapa. Mwaka uliofuata hisa ilishuka chini ya shilingi 3, na wengi waliokuwa wamekopa waliuza kwa hasara. Sisi tulikuwa kwenye foleni ya kununua. Mezani pa kupanga bei wa kwetu walikuwa wachache sana. Hapo ndipo naona kwa nini hili swali la kazi lina maana kuliko mshahara wa mtu mmoja.

Sasa basi, chuo gani? Ukifuata hiyo historia, bawabu wa leo si rangi, na si chuo kimoja tena. Bawabu wa leo ni vitu vitatu: hesabu unazojua, karatasi ya kitaaluma, na ukaribu wako na ofisi za Nairobi. Chuo ni njia ya kupata hivyo vitatu. Pima kila chuo kwa hivyo, si kwa jina.

Anza na kozi. Angalia masomo yaliyo ndani, usisome kichwa tu. Uchumi na takwimu, hisabati, sayansi ya bima, fedha na uhasibu zenye hesabu ya kweli, hizo zinakupa msingi. Kozi yenye neno "biashara" na haina takwimu itakuacha ukijua maneno mazuri tu. Mimi naona kijana aliye na digrii ya hisabati kutoka kaunti ana nafasi kuliko aliye na kozi nyepesi katikati ya jiji.

Pili, karatasi. CPA ya KASNEB au ile yake ya wachambuzi wa uwekezaji, CIFA, unaweza kuianza ukiwa bado chuoni. CFA ya Marekani ina ngazi tatu, inalipwa kwa dola, na mtihani ni uleule aliofanya mtu wa London. Huu ndio ule mlango wa pembeni wa 1969. Bado uko wazi, na bado hauulizi ulitoka wapi. Kwa hivyo karo isimalize pesa zote. Familia ikiuza kila kitu kulipa chuo, halafu ikose pesa za mitihani ya kitaaluma, imenunua nusu ya safari.

Tatu, ukaribu. Hapa lazima niseme ukweli bila kuupaka sukari. Mwanafunzi wa Strathmore au wa kampasi ya Lower Kabete anaweza kupanda matatu asubuhi akahudhuria mahojiano Westlands na kurudi darasani mchana. Wa Embu ana kilomita kama 130, wa Nchiru ana zaidi ya 200. Na ofisi huajiri watu zilizokwisha kuwaona wakati wa mafunzo ya kazini. Ukiwa Nairobi unakutana na watu bila hata kupanga. Ukiwa mbali, lazima ukaribu huo uununue kwa makusudi: likizo ndefu yote Nairobi, hata kwa kulala kwa shangazi Githurai, barua zikitumwa miezi kabla. Gharama ya hiyo miezi mitatu iwekwe kwenye bajeti kama karo.

Kuna mtu atasema, "Lakini jina la chuo linafungua milango." Ndiyo, linafungua baadhi. Sikatai. Kama umepata alama za kuingia Nairobi kwa ufadhili wa serikali kwenye kozi ngumu, nenda, usifikirie mara mbili. Kama umepata ufadhili wa Strathmore, nenda mbio. Hoja yangu ni ya yule wa katikati, ambao ndio wengi: amepata nafasi nzuri Embu au Meru, lakini kuna sauti nyumbani inasema tuuze ekari ya kahawa tumpeleke chuo cha jina, kwa kujilipia, kozi yoyote. Tangu serikali ianze mwaka 2023 kupanga ufadhili kwa kuangalia uwezo wa familia, hizo hesabu zimekuwa nzito zaidi. Kwa huyo nasema hapana. Ekari ikiuzwa hairudi. Na kazi zenyewe ni chache. Hata wa vyuo vya jina wengi hawaingii.

Kuna na jambo la mwisho ambalo vijana hawataki kusikia. Hizo hesabu za mtaji zinahitajika hapa pia. SACCO zetu zilizoanzishwa na walimu na wakulima zinashika pesa nyingi, na tangu sheria ya 2008 zinasimamiwa na SASRA. Mtu anayeweza kusoma vitabu vya kampuni na kusema "hii mkopo itatuua" ana kazi Meru mjini. Mtu anayeweza kumweleza mzee wa Kibirichia tofauti ya hisa na bondi kabla hajapanga foleni ana kazi kila mahali. Na kutoka hapo unaweza kwenda Nairobi ukiwa na kitu mkononi.

Kwa hivyo wiki hii, kabla KUCCPS ifunge, keti na wazazi na karatasi moja. Andika chuo, kozi, karo ya miaka minne, ada ya mitihani ya kitaaluma, na kodi ya Nairobi ya likizo mbili ndefu. Linganisha vyuo viwili kwa jumla ya mwisho, si kwa mstari wa kwanza. Usiku pakua taarifa ya fedha ya kampuni yoyote iliyo kwenye soko la hisa. Ni ya umma, ni bure. Jaribu kuelewa pesa yake inatoka wapi na inaenda wapi. Ukichoka ukurasa wa tatu na hutaki kurudi, umejua kitu muhimu kuhusu hii kazi kabla shamba liguswe. Ukijikuta saa sita usiku bado unasoma, basi chuo chochote kati ya hivyo viwili kitakufaa, na pesa iliyobaki peleka kwenye mitihani.